Namna ya kumjua mchoraji kabla hujasoma jina lake, somo kutoka kwa fundi fremu

Wadau habari za wikendi. Niliahidi hili somo muda sana, leo mvua imefunga wateja ngoja nilimalize.

Mimi kazi yangu fremu, hapa Dar, nakata mbao napiga kioo natia picha za watu. Zamani ilikuwa vyeti na picha za harusi tu, siku hizi vijana wanakuja na printi za wachoraji wa zamani wa Ulaya wamezitoa mtandaoni, ukimuuliza hii ya nani anakwambia sijui mzee nimeipenda tu, na yule anayejua kidogo basi kwake kila kitu ni da Vinci 😂

Kilichonifanya nijifunze ni aibu. Mteja aliniletea printi ya kisasa, maumbo tu na mistari, haina kichwa haina miguu, nikaitia fremu ikakaa sebuleni kwake wiki tatu, mpaka shemeji yake akauliza mbona sahihi ya mchoraji iko juu na imepinduka. Nikarudia bure, na kioo kilivunjika nikalipa mie. Baadaye ndo nasoma kwamba mwaka 1961 jumba la sanaa la MoMA kule New York walitundika picha ya boti ya mchoraji Matisse kichwa chini siku 47 watu wanapita tu, aliyegundua ni mgeni aliyekuja kuangalia. Nikapumua. Ila tangu siku hiyo printi ikiingia dukani lazima nijue ya nani.

Jambo moja kabla hatujaanza: usikariri majina ya picha. Picha ni maelfu utachoka. Jifunze mkono wa mtu, kama unavyoona pindo la suruali ukajua hii kashona fundi fulani wa pale kona.

HATUA YA 1: UFUATE MWANGA

Hapa ndo utamu wote ulipo, ukiishia hatua hii tu umeshawazidi wengi. Jiulize mwanga unatokea wapi na unamwangukia nani.

Kama chumba ni giza tupu halafu mwanga mkali unaingia kwa pembeni kama mtu kafungua ghafla mlango wa stoo, na waliomo hata wakiwa watakatifu wana sura za watu wa sokoni, kucha chafu, nyayo zina vumbi, huyo anza kumfikiria Caravaggio. Itafute ile ya Yesu anamwita Mathayo, ya mwaka 1600 hivi, ipo kwenye kanisa la San Luigi dei Francesi pale Roma. Watu wapo mezani na hela, Yesu kaingia kulia kanyoosha mkono, na mwanga umeingia juu ya kichwa chake ukapita hadi usoni mwao, sasa mwangalie yule kijana wa mwisho kushoto, kainama anahesabu sarafu hana habari. Huyu mchoraji mwenyewe aliua mtu 1606 akaikimbia Roma, kwa hiyo giza analijua.

Giza la Rembrandt ni lingine. Ni la kahawia, la joto, kama mmekaa na chemli, na mwanga unatua kwenye uso na mikono vingine vyote vinazama. Ile kubwa yake ya 1642 inaitwa Ulinzi wa Usiku, iko makumbusho ya Rijksmuseum Amsterdam, na kumbe si usiku! Vanishi ilichafuka ikawa nyeusi ndo watu wakaiita usiku. Halafu mwaka 1715 walipoihamishia jumba la mji haikuenea ukutani, wakaikata pembeni. Wakaikata jamani. Sisi kwenye fremu mbao ndo inafuata picha, hii iliniuma kama walikata yangu.

Wa tatu ni Vermeer. Dirisha liko kushoto, mwanga wa asubuhi umetulia, mwanamke mmoja yuko na shughuli zake wala hana habari na wewe, buluu na njano hazikosekani. Ana picha kama 35 tu zinazojulikana, kwa hiyo ukikaa jioni mbili umemmaliza. Anza na yule mama anayemimina maziwa, kila mtu anaangalia maziwa na mkate, wewe panda juu ukutani: kuna msumari umebaki, una kivuli chake kabisa, na matundu ya misumari mingine iliyong'olewa. Miaka zaidi ya 350 imepita na ule ukuta unafanana na wa nyumba yoyote ya kupanga.

HATUA YA 2: MIILI

Hii haraka. Kila mtu ana misuli hadi wanawake na malaika, Michelangelo, jamaa alikuwa mchongaji kwanza, dari ya kanisa la Sistine pale Vatikani (1508 hadi 1512) ni kama sanamu zimepakwa rangi. Wanawake wamejaa nyama na ngozi inang'aa waridi, Rubens. Watu warefu wembamba kama wamevutwa kwa juu na mbingu imechafuka, El Greco. Shingo ndefu, sura nyembamba, macho mengi hayana mboni, Modigliani.

Leonardo, ndo huyohuyo da Vinci, ndo mgumu kidogo kwa sababu siri yake ni kitu ambacho hakipo, nacho ni mstari. Mtazame Mona Lisa kwenye pembe za mdomo na macho, hakuna mahali rangi moja inaishia nyingine inaanza, imeyeyuka kama moshi, ndo maana watu wanabishana anacheka hacheki. Na nyuma milima ya buluu inafifia vilevile. Yenyewe ndogo, sentimita 77 kwa 53, ubao wala si turubai. Iliibwa makumbusho ya Louvre, Paris, 1911 ikapatikana Florence 1913, na aliyeiba, Vincenzo Peruggia, alikuwa fundi vioo aliyewahi kufanya kazi ya kuwekea picha za pale vioo 🙈 fundi mwenzangu katuaibisha.

HATUA YA 3: SOGEA UIONE BRASHI

Zuumu. Rangi nene kama siagi juu ya mkate, mistari mifupi mifupi inaenda kama maji ya mto, anga linazunguka, huyo Van Gogh. Na sahihi yake ni "Vincent" tu, usitafute Van Gogh hapo. Ile ya usiku wenye nyota aliichora 1889 akiwa hospitali ya wagonjwa wa akili Saint-Rémy, mwaka uliofuata akafa, ana miaka 37.

Ukisogea ukakuta vidoti tupu, ukirudi nyuma ni watu wamepumzika kando ya mto na miavuli, Seurat. Ukisogea ukakuta kama hakuna kitu, madoa tu, ukirudi ni maua yanaelea kwenye bwawa, Monet.

HATUA YA 4: WA KISASA

Hapa hata mtoto anaweza. Saa zinayeyuka, Dalí. Bwana wa kofia nyeusi ya duara na tofaa limemziba uso, Magritte. Dhahabu imemwagwa na wapendanao wamezama kwenye blanketi, Klimt. Mistari myeusi iliyonyooka na visanduku vyekundu, buluu, njano, Mondrian (na huyu naye kuna kazi yake ya 1941 ilikuja kugundulika 2022 kwamba imetundikwa kichwa chini miaka zaidi ya 70, kwa hiyo mniache). Mtu kashika mashavu kaachama mdomo darajani anga jekundu, Munch wa Norway. Uso mmoja unauona wa mbele na wa pembeni kwa pamoja, bet yako iwe Picasso.

Mazoezi: fungua picha kwenye simu, ziba jina kwa kidole gumba, sema mwanga, mwili, brashi, taja mtu, ndo ufunue. Kumi kwa siku zinatosha.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu shukrani. Sebuleni kwa bibi Moshi kuna Karamu ya Mwisho tangu nazaliwa, ile ni da Vinci kweli?

Jibu: Angalia walivyokaa. Kama wote wamekaa upande mmoja wa meza kama wanapigwa picha, Yesu katikati na dirisha nyuma yake, mitume wamejipanga watatu watatu, ni nakala ya Leonardo. Yenyewe iko ukutani kwenye bwalo la watawa Milan, aliichora 1495 hadi 1498 juu ya ukuta mkavu badala ya plasta mbichi, ikaanza kubanduka mapema sana. Kama meza imekwenda mshazari na malaika wanaelea kwenye moshi wa taa, basi bibi ana Tintoretto. Halafu mchungulie Yesu chini ya meza: kwenye ukuta wa Milan miguu yake haipo, mwaka 1652 walitoboa mlango hapo. Kama ya bibi ina miguu, aliyenakili kairudishia.

Swali: Niaje boss, niko Nairobi. Hawa Manet na Monet ni watu wawili ama ni typo? Mimi hunichanganya kabisa.

Jibu: Wawili kaka, Wafaransa wote na walijuana. Shika hivi: Manet ana A, wAtu. Monet ana O, mtO. Manet anachora watu wa mjini na nyeusi anaipenda, kama yule dada wa baa ya Folies-Bergère ya 1882 kasimama kaunta kachoka, nyuma yake kioo kikubwa. Monet ni maji, ukungu, maua. Ukishajiamini tafuta ile ya 1874, Monet amekaa kwenye boti mtoni anachora, utasema mto, Monet! Kumbe kaichora Manet.

Swali: Samahani kaka, mimi naona tunawasifia sana, huyo Picasso si alichukua vinyago vya Afrika? Na Tingatinga wetu mbona hayupo kwenye somo?

Jibu: Dada umenibana vizuri. Ni kweli 1907 alikwenda kuviona vinyago kwenye makumbusho ya Trocadéro Paris, na ile ya wasichana wa Avignon ya mwaka huohuo, wale wawili wa kulia nyuso zao ni vinyago kabisa. Waliochonga majina yao hayakuandikwa, wala mimi siwezi kukutajia. Tingatinga njia ni hiyohiyo ya mkono: alianza 1968 akafa 1972, kwa hiyo kazi zake ni chache, mara nyingi mnyama mmoja katikati kwenye hadibodi, rangi za kung'aa, nyuma patupu. Ukiona twiga ishirini na Kilimanjaro na Wamasai wanaruka wote humo, ni wanafunzi wa wanafunzi. Nitamwandikia somo lake.

Swali: Fundi nataka ile ya saa zinayeyuka, niprinti mita mbili ijaze ukuta, utaweza fremu?

Jibu: Naweza. Ila ujue yenyewe ni sentimita 24 kwa 33, imezidi A4 kidogo tu, na ile saa ya rangi ya chungwa pale kushoto chini imejaa sisimizi. Kwa mita mbili hao sisimizi watakuwa saizi ya panya na mkeo atawaona kila siku akila. Nitumie vipimo inbox.