Kufundisha wanafunzi wa chuo kupunguza chakula kinachotupwa: anza na mizani

Bango la "usitupe chakula" ukutani halifundishi mtu. Mimi hufundisha upishi katika chuo cha bweni upande wa Jinja, Uganda, na somo hili nalifanyia bwaloni. Vifaa ni ndoo tatu, mizani ya kuning'iniza, daftari, na wanafunzi wachache wa zamu.

Hatua ya 1: Tenganisheni, kisha pimeni

Ndoo ya kwanza ni ya maganda na vilivyoozea stoo. Ya pili ni ya chakula kilichobaki sufuriani bila kupakuliwa. Ya tatu ni ya makombo ya sahani. Zikichanganyika, hamtajua kosa liko wapi. Wanafunzi huja wakiamini lawama yote iko kwenye makombo, ila Ijumaa jioni ndoo ya pili ndiyo huelemea: mpishi kapikia chuo kizima, kumbe wengi wameshapanda teksi kwenda kwao.

Pimeni wiki nzima, mlo kwa mlo, bila kumkaripia yeyote. Ukianza kufoka, makombo yatatupwa kichakani nyuma ya bweni na daftari litakudanganya.

Hatua ya 2: Geuzeni kilo kuwa shilingi

Wanafunzi 300 wakibakisha gramu 50 kila mmoja, ni kilo 15 kwa mlo mmoja. Msizidishe hizo kwa bei ya unga, maana posho, yaani ugali, ina maji mengi. Pimeni unga kabla ya kusonga, pimeni posho ikiiva, ndipo mjue kilo ya posho imekula unga kiasi gani. Ongezeni mkaa au kuni. Bei waulize wenyewe sokoni. Wakishaiuliza, ubishi hupungua.

Hatua ya 3: Rekebisheni jikoni

Wanaokula jioni wajiandikishe asubuhi. Mpakuaji atumie upawa mdogo, na anayetaka zaidi arudi. Wengi hujaza sahani kwa hofu kwamba chakula kitaisha, kwa hiyo wa mwisho kwenye foleni lazima akute chake, la sivyo kesho watarundika tena. Na mchague maharagwe kabla ya kuyaloweka. Maharagwe yenye mawe hayaliwi, hata uhubiri namna gani.

Hatua ya 4: Wanaojipikia hosteli

Hawa wana sigiri, yaani jiko la mkaa, na hawana friji. Wafundishe kununua matoke kwa chana badala ya mkungu, wayaweke mbali na matunda yaliyoiva, kwani gesi inayotoka humo huyaivisha haraka. Nyanya zitolewe kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, mara wafikapo chumbani. Wapike kinachotosha mlo mmoja. Wakitaka maharagwe mengi, basi wachange na jirani.

Hapa niwe mkali kidogo: si kila kitu cha kuokoa. Kiporo cha wali kilicholala nje ya friji kinaweza kuwa na sumu ya bakteria ambayo kupasha moto hakuiondoi. Unga au karanga zenye ukungu huenda zina sumukuvu, nayo haiondoki kwa kupikwa. Usimpe hata ng'ombe, maana sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa. Dawa ni kuweka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, na kutumia la zamani kwanza.

Hatua ya 5: Kinachobaki kipate mlaji

Maganda ya matoke na viazi vitamu ni chakula cha ng'ombe na mbuzi. Tafuteni mfugaji wa jirani, ila kwanza toeni plastiki na vijiti vya meno. Makombo ya kupewa nguruwe yachemshwe yote upya, kwa kuwa mabaki ya nyama ya nguruwe yanaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa usio na tiba. Kubalianeni na mfugaji saa ya kuchukua, siku hiyohiyo, kabla ndoo hazijachacha na kuita nzi.

Katikati ya muhula pimeni tena wiki moja, kwa ndoo zilezile, na mbandike vipimo vya wiki zote mbili kwenye mlango wa jikoni.