Miwani ya Quest bila rimoti: namna ya kuiandaa kwa ajili ya wageni ofisini Arusha

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kumvalisha mteja miwani ya uhalisia pepe (VR, inayomfanya mtu ajione yuko mahali pengine) ofisini, amwonyeshe kreta ya Ngorongoro kabla hajalipia safari, bila kumpa rimoti. Asiyezoea magemu akipewa rimoti huanza kupapasa vitufe asivyoviona, na hapo hamu inaisha. Mikono yake mwenyewe haihitaji kufundishwa sana. Mimi natumia Quest 2 na Quest 3 za kampuni ya Meta, na utaratibu ni uleule.

Hatua ya 1: Washa mikono, ficha rimoti. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya ufuatiliaji wa mienendo (menyu ni za Kiingereza na huhamahama kila programu ikisasishwa), uwashe ufuatiliaji wa mikono, ili miwani ifuate mikono badala ya rimoti. Kisha rimoti ziweke kwenye droo. Zikiachwa mezani na mtu akaigusa moja, miwani inaweza kurudi kwenye rimoti na mikono ya mteja ikatoweka.

Hatua ya 2: Weka hezi 50. Wengi huiruka hatua hii, halafu wanasema kifaa ni kibovu. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mkondo hujirudia mara 50 kwa sekunde, na kila mzunguko taa hufifia mara mbili, hivyo taa za tyubu na balbu nyingi za LED za bei rahisi hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Na kamera ndiyo kila kitu hapa: hakuna kinachoigusa mikono ya mteja. Kamera ndogo za nje ya miwani huipiga picha, kisha programu inakadiria viungo vilipo. Katika OpenXR, kanuni ya pamoja ya programu za miwani za aina hii, kila mkono una nukta 26, kuanzia kiganja na kifundo hadi ncha za vidole. Picha zikiwa na mistari ya mwanga na giza, makadirio yanayumba, na mteja anaona vidole vyake vinatetemeka ilhali ameituliza mikono. Kwenye sehemu ileile ya ufuatiliaji kuna mahali pa kuchagua hezi. Kuna chaguo la miwani kujipangia yenyewe, ila mimi naweka 50 moja kwa moja. Ile 60 ni ya umeme wa nchi kama Marekani.

Hatua ya 3: Panga mwanga. Chumba kiwe na mwanga wa kutosha, uliotawanyika. Jua la moja kwa moja ni tatizo maradufu. Kwanza, lina infraredi nyingi (mwanga ambao jicho halioni), na kamera hizi huiona infraredi, kwa hiyo mikono inamezwa na weupe. Pili, jua likipenya kwenye lenzi za ndani linakusanywa na kuunguza skrini, na haichukui muda. Miwani ikivuliwa, ilazwe lenzi zikitazama chini au ifunikwe. Ndugu zetu wa Moshi mnaomkalisha mteja dirishani ili auone Kilimanjaro, mgeuzieni kiti: mlima ataukuta nje. Giza nalo ni shida. Ukifanya kazi jioni, taa ya infraredi ya nanomita 850, aina inayotumika na kamera za ulinzi, inasaidia bila kumulika watu. Quest 3S, toleo jingine la miwani hizi, ina taa zake za ndani za aina hiyo.

Hatua ya 4: Mvalishe. Omba ruhusa kwanza, hasa kwa mwanamke aliyefunga kilemba au hijabu. Legeza mkanda wa juu, mkanda wa nyuma ukae chini ya kisogo, kisha rekebisha umbali wa lenzi hadi aseme maandishi yamekuwa safi. Mwombe apandishe mikono mirefu ya nguo ikiwa inafunika viganja.

Hatua ya 5: Mfundishe kubana. Hapa usiseme "bonyeza", maana ataanza kudunga hewa kwa kidole. Mimi nasema hivi:

"Mama, inua mkono mbele ya kifua. Sasa gusanisha kidole gumba na cha shahada, kama unachukua chumvi kidogo. Achia."

Kubana na kuachia ndiyo kubonyeza. Mikono ikae mbele, isilale mapajani wala kupishana. Mkono uliojificha nyuma ya mwingine kamera haiuoni, programu inabaki kubahatisha. Mwonye pia asijitazame kiganja huku akibana, kwa sababu hiyo ni amri ya kufungua menyu kuu. Mzee mmoja aliniambia, "Kijana, simba wako wamekimbia." Alikuwa amefungua menyu.

Hatua ya 6: Ona anachokiona. Rusha picha kwenye simu au runinga, vyote vikiwa kwenye Wi-Fi moja. Bila hivyo utakuwa unamwelekeza ukiwa kipofu. Video yenyewe ya kreta, ya nyuzi 360 (inayoonyesha pande zote), ihifadhiwe ndani ya miwani, usitegemee bando.

Hatua ya 7: Kati ya mteja na mteja. Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu tu, spiriti inaziharibu. Sehemu inayogusa uso ivalishwe silikoni inayofutika. Vumbi la Arusha na losheni za wageni vikikutana, sponji haitamaniki tena. Chaji hudumu saa mbili hivi, basi pawabenki iwe karibu. Mtoto wa chini ya miaka 10 asivalishwe, hata baba yake akisisitiza: Meta yenyewe imeweka umri huo, na wa miaka 10 hadi 12 wanahitaji akaunti inayosimamiwa na mzazi. Mwonyeshe video ileile kwenye runinga.