Semla za Kwaresima: skonzi za Uswidi zenye iliki, lozi na krimu

Kwaresima ikikaribia mi kichwani nina kitu kimoja tu, semla. Kama huzijui, ni skonzi za hamira za kule Uswidi, laini, zina iliki, juu zinakatwa kifuniko, ndani zinajazwa lozi za kusaga na krimu ya kupiga, afu zinanyunyiziwa sukari ya unga. Ndio, iliki, Waswidi wanaitia kwenye mikate yao mitamu bila uchoyo kabisa na ndo maana ukionja semla mara ya kwanza unahisi kama mnafahamiana tangu zamani.

Sasa utauliza, krimu yote hiyo na mfungo wapi na wapi? Ni hivi, zamani zililiwa siku moja tu, Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu, wenyewe wanaiita Fettisdagen yaani Jumanne ya mafuta, watu wanashiba vya mwisho mwisho kabla ya kufunga. Karne ya 16 Uswidi ikawa ya Kilutheri, mfungo ukafifia, skonzi zikabaki (hapo walijua kuchagua), baadaye zikawa za kila Jumanne ya Kwaresima mpaka Pasaka na siku hizi Krismasi ikishapita tu tayari ziko dukani. Mfalme wao Adolf Fredrik alifariki 12 Februari 1771, Jumanne ya mafuta yenyewe, baada ya mlo mzito uliomalizika na semla kwenye maziwa ya moto, na mpaka leo lawama wanabebeshwa semla wakati inasemekana mezani kulikuwa na kambakoche, kaviari na shampeni pia!

Haya, tuingie jikoni. Kwa skonzi 12 unahitaji maziwa mililita 250, siagi gramu 75, hamira ya chenga gramu 8 (vijiko viwili na nusu vya chai), sukari gramu 85, chumvi nusu kijiko cha chai, iliki vijiko viwili vya chai, yai moja la kwenye unga na jingine la kupaka, na unga wa ngano gramu 450. Pima kwa mizani kama unayo, vikombe vya watu havilingani.

Iliki usinunue ya unga, ile ya kwenye kichupa harufu ilishaondoka siku nyingi. Chukua nzima, menya maganda, toa zile mbegu nyeusi utwange kwenye kinu mpaka ziwe chenga chenga, zisiwe vumbi, raha yake ukitafuna ukutane nayo.

Yeyusha siagi, zima moto, mimina maziwa humo humo. Chovya kidole, usisikie moto wala baridi, hapo iko kama nyuzi 37. Ikiwa ya moto unaua hamira na hutajua mpaka baada ya saa nzima unakodolea macho donge lililogoma. Tia hamira, sukari, iliki, yai, halafu unga na chumvi, changanya.

Sasa hapa ndo penyewe. Donge la semla linanata, linashika vidole, linashika meza, linashika hadi pete uliyosahau kuvua, na akili yako yote itakwambia ongeza unga. USIONGEZE. Mi mara ya kwanza niliongeza, konzi moja, ya pili, mwisho sikuhesabu tena, donge likawa zuri la kupiga picha, kesho yake zile skonzi ungeweza kumrushia mtu kibaka akaanguka. Kinachotoa unato sio unga mwingine, ni kukanda, dakika 10 hadi 15 kwa mkono bila kuremba, unalivuta, unalikunja, unalibamiza mezani, na kama kwenye dakika ya nane hivi utaona lenyewe linaanza kuachia meza. Kuhakikisha, kata kipande kama jicho la ng'ombe, kivute taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili kiwe kama utando, kielekeze dirishani, ukiona mwanga unapenya bila kuchanika basi liko tayari. Kikichanika mapema rudi kazini. Mwenye mashine ya kukandia ashukuru Mungu na aiache izunguke mwendo mdogo.

Funika kwa kitambaa, weka mahali penye joto kiasi, liumuke liwe mara mbili, kama saa moja. Halafu gawa vipande 12 vya gramu 75 na ushee, viviringe viwe duara zisizo na nyufa, panga kwenye trei uziachie nafasi maana zitanenepa. Funika tena dakika 40. Bonyeza moja kwa kidole, shimo likirudi polepole washa moto, likirudi haraka kama mpira subiri kidogo.

Paka yai lililopigwa, oveni nyuzi 200 za Selsiasi, katikati, dakika 12 hivi, oveni yako unaijua mwenyewe. Zikishakuwa na rangi ya kahawia toa, na papo hapo zifunike kwa kitambaa safi zipoe ndani yake, mvuke unalainisha ngozi ya juu. Ukiziacha wazi zinakakamaa.

Lozi gramu 150, ziloweke maji ya moto dakika chache, ukibinya ganda linateleza lenyewe, zikaushe usage na sukari ya unga gramu 100. Ziachie ukorofi kidogo, sipendi zile zinazokuwa kama dawa ya meno.

Skonzi zikipoa KABISA, na nasema kabisa kwa sababu nimewahi kujaza zikiwa na vuguvugu kwa haraka ya wageni, nikageuka kuchukua sahani nikakuta krimu imekuwa mchuzi inatiririka mezani, zikipoa kabisa kata kifuniko juu kwa kisu cha meno. Chimbua nyama ya ndani kwa uma, ichanganye na zile lozi pamoja na maziwa vijiko vinne vitano vya chakula mpaka iwe kama uji mzito, rudisha shimoni. Wengi Finland wanaweka jamu badala ya lozi, na huko wanaziita laskiaispulla, ni nafuu kama lozi hazipo ila mi bado niko upande wa lozi.

Krimu mililita 400, iwe ya mafuta mengi, asilimia 35 kwenda juu, na itoke kwenye friji ikiwa baridi haswa. Ipige mpaka isimame, bila sukari hata chembe, utamu umeshajaa kwingine. Rundika juu, rudisha kifuniko, chuja sukari ya unga juu yake.

Zilizojazwa ziliwe siku hiyo hiyo. Zile tupu unaweza kugandisha kwenye friza, ukazitoa na kuzijaza Jumanne nyingine.

Kula sasa, ukiing'ata nzima krimu inaishia puani, kwa hiyo toa kifuniko kwanza, chotea krimu nacho, ndo ufuate chini. Au ule kama mfalme, skonzi kwenye bakuli la kina, maziwa ya moto pembeni, mdalasini kidogo, chukua kijiko.