Jinsi ya Kuomba Kupita Mbele, na Jinsi ya Kumrudisha Aliyeruka Foleni

Mwenye haraka ya kweli hana haja ya kujipenyeza, ila ajue anayepaswa kuombwa ni nani. Wengi humnong'oneza mtu mmoja aliye karibu na dirisha, naye akikubali hujiona wamehalalishiwa, ilhali kila aliye nyuma ya mkarimu huyo amerudishwa hatua moja bila kuulizwa. Simama pembeni, usiingie kwanza ndipo uombe, kisha sema kwa sauti inayowafikia hata wa nyuma: "Samahanini jamani, nina mgonjwa kwenye bajaji, naomba nichukue dawa tu."

Sababu itaje, na iwe ya kweli. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Ellen Langer na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika New York, ambapo mtu aliwaomba waliokuwa wakitumia mashine ya fotokopi wampishe. Akiwa na kurasa 5 bila kutaja sababu, alikubaliwa na asilimia 60. Akisema ana haraka, 94. Na akisema tu "kwa sababu nataka kutoa kopi", ambayo si sababu hata kidogo, bado 93. Kwa kurasa 20, maneno matupu hayakumsaidia kitu: 24, sawa na asiyetaja sababu, na haraka ilimfikisha 42 tu. Basi mwenye bili moja aombe. Mwenye bahasha nzima ya bili za ukoo apange foleni.

Ukiombwa wewe, na huna uhakika kwamba walio nyuma wameridhia, mpe nafasi yako mwenyewe nawe uende mwisho. Ukarimu wa namna hiyo haumgharimu mwingine. Wazee, wajawazito na walemavu ni suala jingine. Hao hupishwa bila kujieleza.

Sasa aliyeruka. Mwanasaikolojia Stanley Milgram na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, waliwaingiza watu kwenye foleni 129 za New York, kwa kawaida kati ya mtu wa tatu na wa nne. Waliolalamika zaidi walikuwa walio nyuma ya mvamizi, hasa anayemfuata mara moja. Wa mbele, ambao hawakupoteza kitu, wengi walinyamaza. Ndiyo maana ukiwa wewe ndiye unayemfuata, wenzako wa nyuma wanakutazama wewe, na ukikaa kimya wataona umeridhia. Sema mapema, kabla hajaweka mkoba chini, na umwachie mlango wa kutokea bila aibu: "Samahani kaka, mwisho ni kule kwa yule mama mwenye kanga ya njano." Akiwa mtu mzima, anza na shikamoo, kisha umweleze kwamba mmetangulia, mara nyingi itikio la marahaba hupunguza nusu ya ukali uliokuwa ukija.

Kushikiana nafasi ndiko huzua ugomvi mwingi, hasa bombani, ambako ndoo husimama badala ya mwenyewe. Ukiiacha, muage jirani yako wa nyuma, si wa mbele, maana wa mbele akishajaza huondoka na ushahidi wako. Ukirudi ukakuta ndoo yako yenye kitambaa chekundu imetupwa kando, usiirudishe kimyakimya, mtafute uliyemuaga, na yeye ndiye aseme, "Huyu alikuwa mbele yangu."