Kreatini: jinsi ya kuipata kwenye msosi na kutumia ya kopo bila kujiumiza
Wadau wa jimu hapa Dodoma, kabla hujatoa hela ya kopo la poda ya kreatini anza na sahani yako. Kreatini ni kitu kinachosaidia misuli kupata nguvu ya haraka, siyo steroidi (zile dawa za homoni za kujaza misuli), mwili wenyewe unaitengeneza kutoka kwenye amino asidi tatu (glaisini, ajinini na methionini), kama gramu 1 hivi kwa siku, nyingine unaipata kwenye nyama na samaki, na karibu yote inakaa kwenye misuli.

Kilo moja ya nyama mbichi ya ng'ombe ina kama gramu 4 mpaka 5, kwahiyo robo kilo ni gramu moja na ushee. Ukienda kupiga choma mnada wa Msalato ujue nyama ikikaa sana motoni kreatini inapungua, na ukichemsha sehemu yake inahamia kwenye supu, sasa supu usimwage, inywe. Samaki wa Mtera nao wanayo. Maziwa kidogo sana, mlenda, maharage na karanga kwa upande huu ni kama hamna (ila kuleni jamani, vina faida zake), ndo maana asiyekula nyama akianza poda mara nyingi anaona tofauti kuliko mwenzie.

Ukiamua kununua chukua kreatini ya kawaida, kwenye kopo imeandikwa monohaidreti (creatine monohydrate), hizo aina za bei kali haziizidi. Gramu 3 mpaka 5 kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai, koroga kwenye maji ya uvuguvugu au uji, saa yoyote, hata siku hufanyi zoezi. Ile ya gramu 20 kwa siku wiki ya kwanza inajaza misuli haraka lakini siyo lazima, wengine inawaharisha, na kwa gramu 3 unafika palepale baada ya wiki 4 hivi. Kilo 1 au 2 zikiongezeka mwanzoni ni maji, siyo mafuta. Inasaidia kunyanyua chuma na mbio fupi, wa mbio ndefu asitegemee sana.

Hili la figo lisomeni vizuri. Kreatini ikitumika inageuka kreatinini, na hiyo ndo wanayopima maabara kuangalia figo, kwahiyo kipimo kinaweza kupanda kidogo wakati figo ziko salama, mwambie daktari unatumia poda kabla hajatoa damu. Mwenye ugonjwa wa figo tayari, mjamzito na dogo wa chini ya miaka 18 asiguse mpaka aongee na daktari.