Chambua mbegu ya kitunguu saumu kabla utitiri haujaingia shambani

Hapa Mbulu, majani ya kitunguu saumu yakijikunja na kuchora michirizi ya njano, wengi hukimbilia pampu ya dawa. Mkulima mwenzangu, tua pampu hiyo. Utitiri, vidudu vidogo sana vinavyoleta dalili hizo, hujificha kwenye mikunjo ya majani na katikati ya punje, dawa haiufikii. Upepo huusambaza, ndiyo, lakini mara nyingi umeingia na mbegu uliyopanda mwenyewe.

Ndiyo maana nguvu zangu zote naziweka kwenye kuchambua mbegu. Punje nzuri ni ngumu na nzito. Iliyosinyaa, inayobonyea kidoleni au yenye madoa ya kahawia yaliyodidimia, itenge. Imenye, uitazame juani kwa lenzi: utaona vidudu vyeupe, virefu mfano wa funza, vya robo milimita hivi, vyenye miguu minne tu karibu na kichwa. Ukikuta vya mviringo, vinene zaidi, vimejazana kwenye kitako panapotokea mizizi, hao ni utitiri wa aina nyingine. Hao huishi hata kwenye masalia yanayooza udongoni, na majeraha wanayoacha hupitisha ugonjwa wa kuoza.

Mbegu unayoitilia shaka, na huna nyingine, itie kwenye maji ya moto ya nyuzi 55 za Selsiasi kwa dakika 10 hadi 20. Tafuta kipimajoto, kukisia kwa mkono hapana kabisa! Moto ukizidi unaua kiini, ukipungua utitiri unapona. Maji yawe mengi kuliko mbegu, maana punje za baridi huyapoza haraka. Tumia mfuko wa wavu, ukoroge taratibu, kisha poza kwa maji baridi, kausha kivulini na upande mara moja. Jaribu punje chache kwanza, uone kama zinaota, ndipo uingize mzigo wote.

Shamba lililotoka kitunguu, cha maji au saumu, lipe maharage, na masalia yote yaondolewe.

Mavuno nayo yakauke vizuri kwenye kichanja chenye hewa. Utitiri huendelea kula ghalani, taratibu, mpaka punje inabaki ganda. Mbegu ya msimu ujao nairundika mbali na ya kuuza, na kila nikipita nabonyeza vichwa viwili vitatu.