Utafiti wa hela za umma: jinsi ya kuutoa kabatini ukafika kwa watu

Watafiti wengi wakipata matokeo mazuri wanakimbilia jarida, na siwalaumu maana ndivyo wanavyopanda vyeo, ila kama unataka hiyo kazi yako ije iwe dawa au mashine au mbegu ambayo mtu ataitumia kweli, tulia kwanza wiki chache, kuna vitu ukivikosea hapo mwanzoni havirekebishiki tena hata uje na mawakili kumi.

Anza na mdomo wako. Nchi nyingi zinatoa hataza, au patenti kama wengi tunavyosema, yaani haki ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wako, kwa kitu kipya tu, na kipya maana yake hakijawahi kutoka hadharani popote kabla hujapeleka maombi. Makala inahesabika, bango la mkutanoni linahesabika, tasnifu ya mwanafunzi iliyowekwa kwenye tovuti ya maktaba nayo inahesabika. Nilishawahi kukaa kwenye timu ambayo mwenzetu alibandika bango Jumatano na sisi tukapeleka maombi Ijumaa, siku mbili tu hizo, na tukapoteza nchi karibu zote tulizokuwa tunazitaka.

Na hili limewapata hata wakubwa. Wanasayansi wa Marekani Stanley Cohen na Herbert Boyer walichapisha kazi yao ya kuunganisha vipande vya DNA mwaka 1973, maombi ya hataza yakaenda 1974, mwaka mmoja haujaisha. Marekani inakubali ucheleweshaji wa hivyo, nchi nyingine nyingi hazikubali, kwa hiyo wakabaki na haki za Marekani peke yake. Hataza hizo ziliingiza zaidi ya dola milioni 250, sasa piga hesabu mwenyewe za huko kwingine.

Sikwambii usichapishe. Peleka maombi leo, chapisha kesho, hamna ugomvi wowote. Ukishapeleka ya kwanza una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine, na ukipitia mkataba wa kimataifa wa PCT unaweza kusogeza uamuzi wa nchi zipi hasa hadi miezi 30 tangu tarehe ile ya kwanza, na hapo ndipo gharama kubwa zinapoanza, kwa hiyo huo muda wa katikati ni wa kutafuta nani atakihitaji hiki kitu, sio wa kulala.

Halafu makaratasi. Najua yanachosha lakini soma mkataba wa ruzuku, soma wa ajira, na soma kile kifomu ulichosaini siku ulipoenda kutembelea maabara ya kampuni fulani ukaambiwa ni ya kawaida tu. Kesi ya Chuo Kikuu cha Stanford na kampuni ya dawa ya Roche iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2011 ilianzia kwenye fomu ya namna hiyo. Mtafiti alikuwa ameisainia Stanford kwamba "anakubali kuhamisha" haki za uvumbuzi wake, baadaye akaenda kujifunza mbinu kwenye kampuni ya Cetus, ambayo haki zake Roche walizinunua baadaye, na kule akasaini kwamba "anahamisha" haki hizo sasa hivi. Stanford waliahidiwa, Cetus wakapewa. Utafiti wenyewe ulikuwa na hela za serikali ndani yake na Stanford waliitegemea sheria ya Bayh-Dole ya 1980, ile inayoruhusu vyuo kumiliki uvumbuzi uliotokana na fedha za umma, mahakama ikasema sheria hiyo haimnyang'anyi mvumbuzi haki yake yenyewe tu bila yeye kuihamisha. Yaani neno moja. Kwa hiyo ofisi ya uhaulishaji wa teknolojia ya chuo chako, ile inayotoa uvumbuzi chuoni kuupeleka kwa watumiaji, ikikuletea fomu usione ni urasimu, na mwanafunzi wako wa uzamili naye asaini mapema, maana akishamaliza masomo na kuhama utamtafuta sana.

Sasa sehemu ambayo watu wa maabara hawaipendi kabisa: kuongea na wageni. Usiende na kifaa chako mkononi ukauliza "je, ungependa kitu kama hiki?", kila mtu atasema ndiyo, watu wana adabu. Uliza mara ya mwisho shida hiyo ilipomkuta alifanyaje, ilimgharimu nini, alijaribu nini kikashindikana, na nani aliidhinisha hela. Hilo la mwisho ndilo linaloua bidhaa nyingi, maana anayetumia, anayelipa na anayeamua mara nyingi ni watu watatu tofauti, chukulia kifaa cha hospitali, nesi anakishika kila siku, daktari anakisifia, halafu mtu wa manunuzi anauliza vipuri vinatoka wapi na hapo ndipo wengi tunaanza kutazamana. Mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani una programu inaitwa I-Corps, tangu 2011, timu inatakiwa ifanye mahojiano kama 100 ndani ya wiki chache, na nia sio kuuza, ni kujua kama shida unayoitatua ipo kweli. Mia ni nyingi nakubali, lakini hata ukifika 30 utakuta nusu ya ulichoandika kwenye andiko la mradi inabidi ufute. Ila kama maombi ya hataza hayajaenda, ongelea shida yao tu, siri ya kifaa iache nyumbani au mtu asaini mkataba wa usiri kwanza.

Kingine ni ukomavu. NASA walitengeneza ngazi za kupima teknolojia, 1 mpaka 9, moja ni wazo la kisayansi na tisa ni kitu kinachofanya kazi kwenye mazingira halisi. Utafiti wa chuo mara nyingi unaishia kwenye 3 au 4, mwekezaji anataka kuona 6 au 7, na hapo katikati wanapaita bonde la mauti kwa sababu mfadhili wa utafiti anasema hii sasa ni biashara na mfanyabiashara anasema huu bado utafiti. Cha kufanya: omba hela ndogo za kuthibitisha jambo moja tu, lile ambalo likigoma hakuna kinachoendelea. Na kabla ya yote mpe mtu wa maabara nyingine arudie jaribio lako bila wewe kuwepo. Kama inafanya kazi mikononi mwako tu, bado huna bidhaa.

Njia ya kutokea ni leseni, yaani kumruhusu mwingine atumie hataza yako, au kampuni mpya au kuachia wazi kila mtu atumie. Kampuni sisemi sana, ila profesa asiwe mkurugenzi mtendaji kama hataki kuacha kufundisha, haiwezekani vyote. Leseni ya kipekee, ile ya mmoja tu, mpe mtu kwa matumizi fulani, eneo fulani, na tarehe za kutimiza hatua, asipozitimiza haki zinarudi chuoni, maana kuna kampuni zinanunua leseni ili kuikalia tu. Kama ulichovumbua ni mbinu ambayo kila mtu anaihitaji basi gawa kwa wengi kwa bei nafuu, zile za Cohen na Boyer zilikwenda kwa kampuni mamia, za mwanzo zikilipa dola 10,000 kwa mwaka pamoja na mrabaha mdogo. Na vitu vingine havihitaji hataza wala kampuni, mfano utaratibu mpya wa kuwahudumia wajawazito, mlango wake ni wizara na vyama vya taaluma wanaoandika miongozo, kwa hiyo wakae nao mezani tangu mwanzo wa utafiti, usiwapelekee ripoti mwishoni.

Watu wengi wanadhani hataza ni ya kutajirikia tu. Waliovumbua insulini waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto hataza yao mwaka 1923 kwa dola moja kila mmoja, nia ikiwa asitokee mtu wa kuihodhi. Na upande wa pili kuna Chuo Kikuu cha Yale, walikuwa na hataza ya matumizi ya dawa ya UKIMWI ya d4T, leseni ya kipekee wakaipa kampuni ya dawa ya Bristol-Myers Squibb, mwaka 2001 Médecins Sans Frontières, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, wakawaomba waruhusu dawa za bei rahisi Afrika Kusini, na kwa kuwa mkataba ulishasainiwa miaka mingi nyuma chuo hakikuweza kuamua peke yake, mpaka wanafunzi walipopiga kelele na mmoja wa wagunduzi wenyewe akawaunga mkono ndipo kampuni ikalegeza.

Kwa hiyo kipengele cha nchi maskini kiandike kabla ya kusaini, kwamba huko hataza haitatumika kuzuia wengine au bidhaa itauzwa kwa bei ya gharama, na haki ya kuendelea kutumia uvumbuzi kwa utafiti ibaki kwako. Kampuni ikigoma waombe wakuonyeshe makadirio yao ya mauzo nchi kwa nchi, mara nyingi utakuta hizo unazozitetea hazimo hata kwenye jedwali.